“Utaitoa kwenye Kompyuta”

Kwaya ilifika saa 3 asubuhi, watu 28 kwenye Hiace mbili, wakitokea upande wa Kamachumu, wilayani Muleba. Walikuwa wameamka saa 10 alfajiri. Sare walizibeba kwenye mifuko, zimepigwa pasi, ingawa nilishamwambia mwalimu wao kwenye simu kwamba kwenye kurekodi sauti hakuna anayewaona. “Tukivaa sare tunaimba vizuri zaidi, fundi,” alinijibu, na nilipowasikia wakipasha sauti nilikubali kwamba alikuwa na haki. Niliwapanga nusu duara, soprano na alto mbele, tenori nyuma kushoto, besi karibu na mlango kwa sababu chumba kilikuwa kimeisha. Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita safi, watu wakipumua pamoja. Katikati ya ubeti wa tatu, tone la kwanza likagonga bati.

Aliyekaa Bukoba anajua kinachofuata. Tone la kwanza, la pili, kimya cha sekunde chache, kisha paa zima linanguruma kama lori linamwaga kokoto. Nikanyoosha mkono kuwasimamisha. Mwalimu akanitazama kupitia kioo. Walikuwa wamefika mahali pazuri pa wimbo, na yeye aliliona hilo kama nilivyoliona mimi. Akasogea kwenye maikrofoni, akasema kwa upole kama anayemtia moyo kijana wake: “Waitu, tuendelee tu. Hiyo mvua utaitoa kwenye kompyuta.”

Nimekaa kwenye kiti cha fundi sauti kwa zaidi ya miaka 10, kwanza Hamugembe, baadaye Kashai, na kwa muda Muleba mjini. Nimekesha, nimedhulumiwa, nimeunguza vifaa. Lakini hakuna kilichonichosha kama maneno hayo. Msanii akija hajakariri mistari yake, “utaunganisha kwenye kompyuta.” Mpiga gitaa akija na nyuzi zenye kutu, “utazing’arisha kwenye kompyuta.” Mwimbaji akiwa na mafua, kompyuta. Watu wanaamini kwamba ndani ya kile kisanduku kuna mganga, na kwamba mimi kazi yangu ni kumwamsha tu. Naandika haya ili msomaji aone imani hiyo inatugharimu nini, na mimi ninayepoteza usingizi ndiye mwenye hasara ndogo kuliko wote.

Kwanza nieleze kwa nini mvua haitoki. Programu za kuondoa kelele zipo, na nyingine ni nzuri kweli. Unaisikilizisha kompyuta sekunde chache za kelele tupu, tuseme feni au friji ya jirani. Inajifunza umbo la kelele hiyo, kisha inaipunguza kila inapokutana nayo. Feni hutoa mlio uleule kutwa nzima, kwa hiyo inakamatika. Mvua haikamatiki. Kila tone linagonga bati kwa nguvu yake na mahali pake, na mlio wake umetanda kuanzia chini hadi juu kabisa, hasa huko juu zinakokaa herufi za s, f na sh pamoja na pumzi ya mwimbaji. Ukiikata mvua unakata na hizo. Kinachobaki ni kwaya inayoimba ndani ya pipa la maji. Siku hizi kuna programu mpya zenye akili zaidi, zinazoweza kumtenga mtu mmoja anayezungumza na kelele zilizomzunguka. Zipe watu 28 wanaoimba sauti nne, zitakuchanganyia besi na radi.

Na saa 3 asubuhi ni saa mbaya kwetu. Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, karibu mara mbili ya Dar es Salaam, na sababu ni ziwa. Usiku maji ya Victoria hubaki na joto kuliko nchi kavu, mawingu yanajijenga katikati ya ziwa, na upepo wa mashariki unayasukuma hadi huku kwetu kunapokucha. Wenzetu wa mikoa mingine huogopa mvua ya alasiri. Sisi tunaogopa ya asubuhi, wakati kwaya ndiyo kwanza zinashuka kwenye magari.

Tulisubiri siku ile. Saa 5 mvua ikapungua, saa 6 ikakata, ila migomba ya nyuma ya nyumba iliendelea kudondosha maji kwenye bati la choo hadi karibu saa 7. Kufikia hapo soprano wawili sauti zilikuwa zimekauka kwa baridi na dereva wa Hiace ya pili alikuwa anapiga honi. Ubeti wa tatu tuliurudia mara sita. Ulitoka sawa, kila neno lilisikika, lakini haukurudi kama ulivyokuwa lile tone lilipoanguka. Wimbo ule upo hadi leo na nimeusikia redioni. Nikiusikia najua mahali ulipovunjika, na naamini mwalimu naye anajua.

Baada ya mvua, umeme. Kwa miaka mingi Bukoba, Missenyi, Karagwe na Muleba zimetegemea umeme unaovuka mpaka kutoka Uganda, kwa laini ya kilovoti 132 inayotoka Masaka hadi Kyaka. Hitilafu ikitokea mbali huko, mimi Kashai nakaa gizani na msanii aliyelipia masaa yake. Tatizo la kukatika kila mtu analijua. Tatizo la umeme uliopo watu hawalijui. Umeme wetu ni wa hezi 50, na nyumba nyingi za kupanga hazina waya wa ardhi, au upo kwa jina tu, umefukiwa futi moja kwenye udongo mkavu chini ya ukumbi. Matokeo yake ni mngurumo mwembamba, mmm, usiousikia ukiwa umekaa sebuleni lakini maikrofoni inausikia kila sekunde. Ukigusa chuma cha maikrofoni unanyamaza, ukiachia unarudi. Nimewahi kurekodi shairi zima mshairi akiwa ameshika stendi kwa mkono wa kushoto, kwa sababu mwili wake ndio uliokuwa waya wetu wa ardhi.

Dawa niliyoizoea ni kuchomoa chaja. Kompyuta ikitumia betri yake, mngurumo unaisha. Lakini betri ya kompyuta mpakato iliyonunuliwa ikiwa imetumika haidumu saa moja, na maikrofoni za kondensa nazo zinakula humo humo, volti 48 zinazopita kwenye waya ule ule unaoleta sauti. Kwa hiyo unapomwona fundi anatazama pembeni ya kioo wakati wewe unaimba kwa hisia zote, usidhani amechoka na wimbo wako. Anahesabu asilimia.

Niseme na kosa langu. Mwaka mmoja nilirekodi kwaya ya kijiji kimoja Muleba nyimbo nane kwa siku mbili. Siku ya pili jioni umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena. Diski ikafa. Nakala nilikuwa nimeweka ya siku ya kwanza tu, kwa sababu jioni ile nilikuwa na usingizi nikajiambia nitafanya kesho. Nyimbo nne za siku ya pili zikaenda. Mmoja wa waimbaji wa sauti ya pili, mama mtu mzima aliyekuwa na solo katika wimbo wa saba, alifariki kabla hatujapata nafasi ya kurudia. Walipokuja tena, solo aliiimba binti yake. Hawakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililonifanya tangu siku hiyo nisilale bila nakala mbili.

Chumba chenyewe nacho kina hadithi. Studio nyingi za huku ni vyumba vya kulala vilivyobadilishwa kazi. Ukutani tunabandika trei za mayai kwa sababu tumeona wengine wamebandika, na mteja asipoziona anahisi hajafika studio. Ukweli ni kwamba trei za mayai hazizuii kelele ya nje hata kidogo. Zinavunjavunja kidogo mwangwi wa sauti nyembamba, basi. Bodaboda inayopita inaingia kama kawaida, uwanjani Kaitaba wakifunga goli tunajua. Godoro la zamani linafanya kazi kuliko trei 100, na blanketi zito lililotundikwa mbali kidogo na ukuta nalo linasaidia. Nilijifunza hilo kwa kukosa fedha, nikaja kulithibitisha kwa kusoma: sauti hufa inapolazimika kupita kwenye kitu laini na kinene, na hewa iliyo nyuma ya kitu hicho inasaidia kuiua.

Chumba changu cha kwanza, kile cha Hamugembe, nilikuwa nimekiziba vizuri kwa mablanketi kilipoharibika. Jumamosi ya Septemba 10, 2016, saa 9 na dakika 27 alasiri, ardhi ya Kagera ilitikisika kwa kipimo cha 5.9. Watu 17 walithibitishwa kufariki, mamia wakajeruhiwa, maelfu wakalala nje. Mbele ya msiba ule, studio si kitu cha kutajwa, na kwa miezi kadhaa hakuna aliyeitaja, hata mimi. Niliporudi nikakuta ufa umepanda kutoka sakafuni hadi kwenye dari, unaingia vidole viwili. Tuliuziba kwa saruji. Kuanzia hapo kila nilichorekodi mle kilikuwa na sauti ya mtaa ndani yake, mbali, kama redio ya jirani. Kwa mwaka mzima nilifanya kazi na ule ufa, kwa sababu kodi ilikuwa imelipwa.

Nalitaja tetemeko kwa sababu nyingine pia. Kifaa ambacho vijana wetu wanakidai kwanza, kabla hata ya kuuliza bei, ni Auto-Tune. Aliyekibuni, Andy Hildebrand wa Marekani, alikuwa mtaalamu wa mawimbi ya ardhini. Kazi yake ya awali ilikuwa kuchambua mitetemo ili watafuta mafuta wajue chini ya ardhi kuna nini. Hesabu za kusikiliza ardhi alizigeuza kuwa hesabu za kusikiliza koo la mwanadamu, na mwaka 1997 kifaa kikaingia sokoni. Kinafanya hivi: kinapima sauti ya mwimbaji iko wapi, kisha kinaivuta hadi kwenye noti iliyo karibu nayo kati ya zile 12 za piano. Ukikiambia kivute taratibu, msikilizaji hajui kama kipo. Ukikiambia kivute papo hapo, unapata ule mlio wa bati ambao sasa ndio mtindo.

Sina ugomvi na mtindo. Ugomvi wangu uko kwenye Kihaya. Lugha yetu ina toni: neno linapandishwa hapa, linashushwa pale, na kupanda na kushuka huko ni sehemu ya maana, kama herufi zilivyo. Mwimbaji mzuri wa Kihaya anaifuata toni hiyo hata kwenye muziki, anateleza kutoka chini kwenda juu ndani ya silabi moja. Mashine inaona mtelezo huo kama kosa. Inaupiga pasi. Kijana mmoja wa Kashai alikuja kurekodi kibwagizo cha Kihaya, akataka kivutwe hadi mwisho, nikamfanyia kama alivyotaka. Siku ya kuchukua kazi alikuja na bibi yake. Bibi akasikiliza mara ya kwanza, akaomba arudiwe, akainamisha kichwa kwenye spika. Kisha akamuuliza mjukuu: “Huyu anayeimba ni mtu wa wapi?” Hakuwa anatania. Mjukuu alikuwa amekaa pembeni yake.

Tulirudi kwenye kiti. Tulizima mashine, akaimba mara 11 hadi akaipata kwa koo lake, na toleo hilo ndilo alilolitoa. Nilitumia saa nne ambazo hakuzilipia, kwa sababu bei ilikuwa ya wimbo na si ya saa. Hivyo ndivyo biashara hii ilivyo huku. Mteja anauliza “wimbo ni shilingi ngapi”, anataka biti, kuingiza sauti, miksi na masta humo humo, na anataka kuondoka na flashi yake jioni. Miksi anaijaribu kwenye simu, kisha kwenye sabufa ya kibanda cha chipsi, kisha ananipigia kwamba besi haipo. Besi ipo. Spika ya simu haina uwezo wa kuitoa, kama vile kijiko hakiwezi kuchota ndoo. Naongeza besi ili isikike kwenye simu, sabufa inaanza kutetemesha vioo, naipunguza, ananipigia. Tunaenda hivyo wiki mbili.

Malipo yanafuata msimu. Kahawa ikianza kuvunwa, kuanzia Mei hivi, simu zinaita. Kahawa ikiisha, nadai. Nimelipwa kwa mikungu ya ndizi na sikuona vibaya, ndizi inaliwa. Nimelipwa kwa ahadi ya harambee ya Jumapili ambayo mvua iliiharibu. Kwaya angalau zinarudi, hata baada ya mwaka, mwekahazina anakuja na daftari na fedha zimefungwa kwenye leso. Wanaonipiga chenga ni wale waliokuja na miwani usiku.

Kuna mwaka Saida Karoli aliutetemesha ukanda wote huu kwa Kihaya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wimbo wake wa Maria Salome ulipigwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala na watu wasiojua neno moja la lugha yetu, na mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliurudia kwa sura mpya, ukazunguka dunia mara ya pili. Muulize mtu yeyote sokoni Bukoba nani aliuimba, atakujibu kabla hujamaliza swali. Muulize nani aliyekuwa kwenye mitambo siku unarekodiwa mara ya kwanza, nani aliyeamua maikrofoni ikae umbali gani na mdomo wa yule binti, hakuna atakayekujibu. Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi karibu kila bendi kubwa ya nchi hii enzi zake, na tunawakumbuka waimbaji, wapiga solo, hata watangazaji. Mafundi mitambo wamebaki kwenye makaratasi ya zamu. Sidai sanamu. Nadai kwamba kijana anayeanza kazi hii Bukoba leo awe na majina ya kuyafuata, ajue kwamba hii ni kazi yenye ukoo, asidhani alianzia kwenye video za intaneti.

Na nadai masikio yetu yalindwe. Wataalamu wanasema desibeli 85 kwa saa 8 ndicho kikomo, na kila ukiongeza 3 muda unakatwa nusu. Mteja anayetaka “kusikia ngoma inavyopiga” ananilazimisha kupita hapo kila siku. Nina mlio katika sikio la kushoto, mwembamba, kama nyenje aliye mbali. Usiku kukiwa kimya ndipo unasikika vizuri. Huo nao hautoki kwenye kompyuta.

Lakini nilichokuja kukiandikia hasa ni nanga.

Wasio wa huku niwaeleze: nanga, au enanga kwa Kihaya, ni ubao wa mti uliochimbwa mfano wa chano kirefu, juu yake umepitishwa uzi mmoja unaoenda na kurudi kwenye mikato ya pande mbili, ukatengeneza nyuzi saba au nane hivi. Zamani uzi ulikuwa wa kano za ng’ombe. Mpiga nanga anaimba tendi za watawala na mashujaa, na utendi mmoja unaweza kumaliza saa nzima na zaidi. Profesa M. M. Mulokozi aliziandikia tasnifu ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986. Mmarekani Peter Seitel naye alizichambua katika kitabu chake cha mwaka 1999, akitumia tungo za mpiga nanga Habib Selemani. Kwa hiyo si kwamba elimu haijui tulicho nacho. Anayejua ni msomi. Studio haijui.

Mwaka jana kijana mmoja alinileta babu yake studio, mpiga nanga kutoka upande wa Ihangiro ya zamani, ambayo leo ni Muleba. “Shikamoo mzee.” “Marahaba, mwanangu.” Akakaa kwenye kiti, akaweka ala mapajani, akaanza kuikaza nyuzi moja baada ya nyingine akijisikiliza koo. Dakika 40. Hakuwa anaikaza kufuata piano wala simu. Alikuwa anaifuata sauti yake ya siku hiyo, kwa kuwa alikuwa ameamka na kifua. Alipomaliza nikafunga mlango, nikamwonyesha ishara aanze. Akatazama trei za mayai. Akatazama kioo. Akauliza kwa Kihaya, taratibu, naimbia nani?

Nilimwambia aimbe tu kama yuko nyumbani. Akaanza, akafika kama dakika sita, akaacha. Akasema maneno yamekataa kuja. Mjukuu akanisogelea, akanong’ona kwamba tuchukue hizo dakika sita, nyingine nitaziunganisha kwenye kompyuta. Nilimwomba radhi mzee, nikamrudishia mjukuu fedha zake, tukapanga siku.

Nilikwenda kwao mwezi wa Novemba, na sikupaswa kuchagua Novemba, maana ni msimu wa senene. Kilima cha pili mtu alikuwa amewasha taa kali na jenereta, mabati yamesimamishwa, watoto wanapiga kelele kila kundi likishuka. Tulisubiri hadi saa 6 usiku jenereta lilipozimwa. Nilitandika blanketi kwenye dirisha moja, jingine nikaliacha. Maikrofoni moja niliiweka karibu na nyuzi, karibu kiasi cha kusikia ukucha, ya pili usawa wa kidevu, pembeni, kwa sababu mzee anageuza shingo anapomtazama msikilizaji na sikutaka nimpoteze. Kompyuta kwa betri. Sebuleni walikaa watu 14, majirani, wakwe, watoto ambao walipaswa kuwa wamelala. Sikuwaambia wanyamaze.

Aliimba dakika 52. Ala ile haina sauti kubwa. Mkononi mwake inazungumza kama mtu anayeongea na mwenzake gizani, na nusu ya kazi ya mkono wa kulia ni kuzuia nyuzi zisilie zaidi ya zinavyotakiwa. Shujaa alipopata habari mbaya, mzee alishusha sauti hadi nikaona mshale wa kipimo umelala chini kabisa, na katika kimya kile wanawake wawili wakaguna kwa pamoja, mguno ule wa matanga, bila kupangwa na mtu. Mzee akaupokea. Akaurudia kwa nyuzi mbili, kisha ndipo akaendelea. Nilikuwa nimeshika hedifoni kwa mikono yote miwili. Mguno ule ungetokea studio kwangu ningesimamisha kazi.

Ilipokwisha, kila mtu akabaki amekaa. Nilihifadhi nakala mbili pale pale, mikono inatetemeka.

Nimesoma kwamba mwaka 1950 Hugh Tracey, yule Mwingereza aliyeishi kusini mwa Afrika na baadaye akaanzisha maktaba ya muziki wa Afrika, alipita Tanganyika akiwa na gari la mitambo, na miongoni mwa alioenda kuwarekodi ni Wahaya. Wanasema jenereta aliliacha mbali na wachezaji ili mlio wake usiingie, na maikrofoni aliishika kwa mkono, akiisogeza kwa anayeimba. Namwelewa kabisa mtu huyo, ningefanya vilevile. Lakini kazi zake nyingi zilikuwa za kutolewa kwenye santuri za wakati ule, zenye nafasi ya dakika tatu hivi kila upande, kwa hiyo alikuwa akiwaashiria waimbaji wamalize dakika tatu zikikaribia. Fikiria mpiga nanga anakatizwa dakika ya tatu, shujaa hata hajavaa viatu.

Wiki moja baada ya kurudi kutoka Muleba, mjukuu alinipigia. Alishukuru sana. Kisha akasema redio imemwambia wimbo usizidi dakika tatu na nusu, na kwenye simu vijana hawasikilizi zaidi ya moja. Akaniomba nitafute mahali pazuri, nikate, niweke na biti chini kidogo ili ichangamke. Hana ubaya kijana huyu. Ni yeye aliyelipa mafuta ya pikipiki, ni yeye aliyembeba babu yake hadi Bukoba mara ya kwanza, na anataka babu asikike akiwa hai.

Nimejaribu. Nimeufungua utendi ule usiku wa siku tatu, nikausikiliza mwanzo hadi mwisho, kidole kwenye kitufe. Kila ninapodhani nimepata mahali pa kuanzia, nagundua maneno yake yamejibu kitu kilichosemwa dakika 10 nyuma, na mguno wa wale wanawake hauna maana bila kimya kilichoutangulia. Sikukata. Nilimpigia mjukuu nikamwambia aje akae kwenye kiti changu, avae hedifoni, asikilize dakika zote 52, halafu yeye mwenyewe anionyeshe pa kukata. Sitamtoza chochote kwa muda huo.

Amesema atakuja Jumamosi, mvua isiponyesha.